JE, HURUMA NI TUNDA LA UTAJIRI?

Katika maneno yaliyozoeleka vinywani mwa watu wa zama hizi ni kusema kwamba huruma ni tunda la utajiri. Husemwa kwamba binadamu wa kale, alipokuwa akiishi mapangoni na kula mawindo, hakuwa na nafasi ya kumhurumia kiwete, wala mtoto aliyezaliwa na upungufu, wala mzee asiyejiweza. Alimwacha njiani akenda zake, kama afanyavyo mnyama. Kisha kikaja kilimo, ikaja miji, zikaja hazina na serikali, na hapo ndipo watu walipopata ziada ya chakula na ziada ya wakati wakaanza kuoneana imani. Maneno haya hupitishwa kama jambo lililokwisha kuthibitika, na yakishapitishwa hufanywa udhuru. Aliye maskini husema, "Sisi hatuna uwezo wa kumtazama huyu," na aliye tajiri husema, "Tukizidi kuendelea, huruma itakuja yenyewe."

Sisi twaona kwamba neno hili, kabla ya kulikubali au kulikataa, yapasa kulipima. Na mizani tutakayoitumia ni mambo yaliyochimbuliwa katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ile ambayo wanazuoni wa Kiarabu wa zamani waliiita Bahari ya Rumi. Nchi hizo zina mapango mengi ya mawe ya chokaa, na chokaa huhifadhi mifupa; tena wataalamu wa mambo ya kale wamekuwa wakichimba huko kwa zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo yamekusanyika mabaki ya watu walioishi kabla ya kuandikwa neno lolote, kabla ya jembe na kabla ya mji. Watu hao hawakuacha kitabu. Waliacha mifupa, mawe na makaburi. Swali letu ni hili: je, mifupa yaweza kutoa ushahidi juu ya huruma? Na ikiweza, yashuhudia nini?

Twataka kutanguliza sharti moja. Maiti hana ulimi wa kujitetea. Anayemsingizia ukatili asioujua amemdhulumu, na anayemsifu kwa wema asiouthibitisha amesema uwongo, hata ukiwa uwongo huo ni mtamu. Basi tutajitahidi tusiingie katika moja ya mambo mawili haya.

Tuanze kwa kuwatambua watu wenyewe. Katika kusini ya Ugiriki liko pango liitwalo Franchthi, ambalo wataalamu walianza kulichimba mwaka 1967. Humo, katika tabaka za udongo zenye umri wa zaidi ya miaka 10,000, vilionekana vipande vya jiwe jeusi mfano wa kioo, litokalo katika milima ya moto, ambalo watu wa kale walilifanya visu. Jiwe hilo lilipochunguzwa lilijulikana kuwa limetoka katika kisiwa cha Melos, kilichoko mbali baharini. Jiwe haliogelei. Hapana budi watu walikuwa na vyombo, wakazijua pepo na mikondo, wakapanga safari ya kwenda na kurudi, na haya yote kabla ya wao kujua kulima. Sisi watu wa pwani twajua safari ya bahari yataka nini: yataka subira, yataka kukumbuka, na zaidi ya yote yataka watu kuaminiana chomboni. Wenye kufanya hayo hawawezi kuitwa wanyama.

Na katika Liguria, kaskazini ya Italia, ndani ya pango liitwalo Arma Veirana, zilionekana mnamo mwaka 2017 khabari za kaburi la mtoto mchanga wa kike, zikatangazwa ulimwenguni mwaka 2021. Kaburi hilo lina umri wa miaka kiasi cha 10,000. Mtoto mwenyewe alikuwa wa siku baina ya 40 na 50, yaani kwetu tungesema ndiyo kwanza mamake ametoka arobaini. Alizikwa na shanga zaidi ya 60 za makombe ya baharini pamoja na vidani vinne. Shanga hizo zilikuwa zimechakaa kwa kuvaliwa, uchakavu ambao mtoto wa siku chache hawezi kuufanya. Basi zilikuwa ni mapambo ya watu wazima, wakampa yeye. Mtoto huyo hakuwahi kuwinda wala kuokota kuni, wala hakuna hesabu ya faida ambayo angeingizwa ndani yake. Na juu ya hivyo hawakumtupa.

Sasa tuje kwa mashahidi watatu ambao khabari zao zahusu khasa swali letu, kwani hawa walikuwa watu wenye upungufu wa mwili.

Shahidi wa kwanza ni mtoto wa pango la Qafzeh, karibu na mji wa Nazareth katika nchi ya Falastini ya kale. Pango hilo lilichimbwa kwa miaka mingi, baina ya 1965 na 1979, na makaburi yake yakadiriwa kuwa na umri wa miaka 90,000 hadi 100,000. Mmoja katika waliozikwa humo alikuwa mtoto wa miaka 12 au 13. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014, uliofanywa kwa picha za mashine zinazoonyesha ndani ya mfupa, ulidhihirisha kwamba mtoto huyo alipata pigo kubwa la kichwa alipokuwa mdogo, na kwamba ubongo wake haukukua tena kama ipasavyo. Waliomchunguza waona kuwa yamkini alikuwa na taabu katika mwendo wake na katika kuchangamana na wenzake. Hata hivyo aliishi miaka kadhaa baada ya pigo lile, na alipokufa alizikwa kwa uangalifu, zikawekwa pembe za kulungu juu ya kifua chake, karibu na mikono yake.

Shahidi wa pili ni kijana wa pango la Romito, huko Calabria, kusini ya Italia. Kaburi lake lilichimbuliwa mwaka 1963 na mtaalamu Paolo Graziosi, na umri wake wazidi miaka 11,000. Kijana huyu alikuwa wa miaka kiasi cha 17, lakini kimo chake kilikisiwa kuwa baina ya mita 1 na mita 1.3 tu, kwa sababu ya maradhi ya kuzaliwa nayo yaliyofupisha viungo vyake. Na viwiko vyake havikuweza kunyooka sawasawa. Jamaa zake walikuwa wawindaji wenye kuhamahama katika nchi ya milima. Alionekana amelazwa pamoja na mtu mzima, kijana akiwa mikononi mwa mwenziwe, na mahali penyewe si pa kutupia taka: papo hapo pana jiwe kubwa lililochorwa picha ya ng'ombe dume wa mwitu, picha ambayo wajuzi wa sanaa huistaajabia.

Shahidi wa tatu ni mdogo kuliko wote kwa mabaki yake, kwani hakikubakia kwake ila kipande cha mfupa wa kichwa upande wa sikio. Kilichimbuliwa mwaka 1989 katika pango la Cova Negra, karibu na mji wa Xàtiva katika Hispania. Mwenye mfupa huu alikuwa mtoto katika jinsi ya watu wa kale iitwayo Neanderthal, na umri wa mabaki yake wakadiriwa kuwa si chini ya miaka 146,000. Mwaka 2024 wachunguzi walitangaza kuwa maumbile ya sikio lake la ndani yaafikiana na hali ambayo madaktari huiita hali ya Down. Yaelekea mtoto huyu hakusikia vizuri, na alishikwa na kizunguzungu cha mara kwa mara, asiweze kusimama imara. Naye aliishi hadi kupata miaka 6 kwa uchache. Wachunguzi wamesema kuwa mama peke yake, katika maisha ya kuhama na kutafuta riziki kila siku, ni vigumu kudhani kwamba aliweza mzigo huo pasi na kusaidiwa na wenziwe. Na msomaji akitaka kujua uzito wa jambo hili, na akumbuke kwamba hata katika miaka ya 1920, katika nchi zenye hospitali na shule, wastani wa umri wa watoto wenye hali hiyo ulikadiriwa kuwa miaka 9 hivi.

Mtu akisikia khabari hizi tatu hutaka kupaza sauti papo hapo: "Basi watu wa kale walikuwa na huruma, jambo limekwisha!" Lakini haraka haina baraka. Mwaka 1991 mtaalamu wa Kimarekani, Bibi Katherine Dettwyler, aliandika kuwapinga wenye kupaza sauti namna hii, na kijana wa Romito alikuwa mmoja katika mifano aliyoijadili. Hoja zake zina nguvu, na si insafu kuzificha.

Alisema, kwanza, kwamba katika kila kundi la watu wako siku zote wasiojitafutia, kama watoto wachanga na wagonjwa. Kwa hiyo kumlisha asiyechuma si ajabu ya pekee. Pili, kuwa mtu ameishi hakuthibitishi kuwa alitendewa wema. Yawezekana alilishwa huku akitukanwa na kuchekwa. Tatu, na hii ndiyo hoja iliyo kali zaidi, ni nani aliyetujuza kuwa mtu yule hakuwa na faida kwa wenziwe? Sisi ndio tulioutazama mfupa uliopinda tukaamua kuwa mwenyewe alikuwa mzigo. Huenda alikuwa ndiye fundi wa kuchonga mawe, au mwenye kulea watoto, au mwenye kukumbuka njia na majira.

Wako waliojaribu baadaye kuitengeneza elimu hii iwe na utaratibu. Bibi Lorna Tilley wa Australia, kuanzia mwaka 2011, ameweka njia ya hatua nne: kwanza kuueleza ugonjwa ulioonekana katika mfupa, pili kujua ugonjwa huo ulimzuia mtu kufanya nini katika maisha ya zama zake, tatu kutafakari ni msaada gani uliohitajika ili aishi, na nne ndipo kuuliza msaada huo watufundisha nini juu ya watu walioutoa. Njia hii ni nzuri kwa sababu yamzuia mtu asiruke kutoka mfupa mpaka moyo kwa hatua moja.

Nasi twaona kwamba ufumbuzi wa mzozo huu umo katika kutenganisha mambo mawili ambayo kila aliyesoma hukumu ayajua: kitendo na nia. Hakimu huhukumu kwa yaliyo dhahiri. Akiletewa ushahidi kwamba fulani alimlisha yatima miaka sita, athibitisha kulisha. Ama kwamba alimlisha kwa mapenzi, au kwa kuona haya mbele za watu, au kwa kutaraji malipo, hayo hayamo katika ushahidi. Mifupa ya Qafzeh na ya Cova Negra yathibitisha kitendo: mtoto ambaye hakuweza kujitegemea alilindwa na kulishwa kwa miaka. Nia ya waliomlisha haiko katika mfupa, wala haitaonekana hata mashine zikizidi ukali wa macho. Kwa hiyo Bibi Dettwyler amesema kweli katika jambo la nia.

Lakini hebu tulirudie lile neno tulilolianza. Wenye kusema kuwa huruma ni tunda la utajiri hawasemi khabari za nia. Wasema khabari za uwezo. Dai lao ni kwamba maskini asiye na ghala wala akiba hawezi kumlisha asiyejiweza, hata akitaka. Na dai la uwezo hubatilishwa na kitendo peke yake, bila ya haja ya kuijua nia. Ukisema kuwa mlima fulani haupandiki, kisha akaonekana mtu kileleni, neno lako limeanguka, awe alipanda kwa mapenzi ama kwa hofu. Hawa watu hawakuwa na ghala, wala nyumba, wala mnyama wa kubeba mizigo. Walihama na vyombo vyao migongoni. Na juu ya hivyo mtoto wa Cova Negra alifika miaka 6, na mtoto wa Qafzeh alifika 12, na kijana wa Romito alifika 17. Basi udhuru wa kutokuwa na uwezo umepata mashahidi watatu wa kuukanusha. Wazee wetu walilijua hili bila ya kuchimba pango lolote, waliposema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wala msomaji asidhani kwamba twataka kuyafanya mambo ya kale kuwa pepo. Katika bonde la mto Nile, ule umwagao maji yake katika bahari hiyo hiyo, kulikuwa na makaburi ya mahali paitwapo Jebel Sahaba, yaliyochimbuliwa katika miaka ya 1960 kabla nchi ile haijafunikwa na maji ya bwawa la Aswan. Mabaki ya watu 61 yalichunguzwa upya, na khabari zake zikatangazwa mwaka 2021. Katika hao, 41 walikuwa na alama za majeraha, wanaume na wanawake na watoto. Na wengine majeraha yao yalikuwa yamepona kisha wakajeruhiwa tena, maana vita havikuwa vya siku moja. Umri wa makaburi hayo ni zaidi ya miaka 13,000. Basi ukatili nao ni wa kale.

Na faida ya kuyajua mambo haya mawili kwa pamoja ni kubwa. Yatufundisha kwamba ukale wa jambo si hoja ya uzuri wake. Mwenye kujitetea kwa kusema, "Ndivyo tulivyowakuta wazee," hajasema kitu, kwani katika wazee wako waliomlaza kiwete mikononi mwao, na wako waliomchoma mtoto mkuki. Njia zote mbili zimekanyagwa tangu zama hizo, na kila kizazi chaulizwa upya kitashika ipi. Vile vile huyu anayengoja maendeleo yamletee huruma angoja kitu ambacho hakikuahidiwa na yeyote. Mali huongeza uwezo wa kutenda, haiongezi kutaka.

Wala si lazima tuvuke bahari ili kuyaona haya. Katika pango la Panga ya Saidi, hapa hapa Kilifi, wataalamu walichimbua kaburi la mtoto wa miaka kiasi cha 3, wakampa jina la Mtoto, na mwaka 2021 wakatangaza kuwa kaburi lake lina miaka 78,000. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kichwa chake yaonekana kilikuwa kimeegeshwa juu ya kitu mfano wa mto. Twataja khabari hii kwa ufupi ili msomaji ajue kuwa ushahidi wa Rumi na ushahidi wa pwani yetu haupingani.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Hoja ya tatu ya Bibi Dettwyler, ingawa iliandikwa juu ya mifupa, yatuhukumu sisi tulio hai. Twaijua hali ya nyumba zetu. Wako watoto wenye upungufu ambao wageni wakija hupelekwa chumba cha uani na mlango ukarudishwa. Hupewa chakula, tena chakula kizuri, huvishwa, hawapigwi. Na wazazi wao husema, nao hawasemi uwongo, kwamba wametimiza wajibu. Lakini mtoto huyo hatumwi dukani, haulizwi rai yake, hafundishwi kazi, wala hapelekwi kwa mwalimu, kwa kuwa imekwisha kukatwa hukumu kwamba yeye ni wa kupewa tu. Tumemtazama mwili wake uliopinda tukasema ni mzigo, kama walivyofanya wale walioutazama mfupa wa Romito.

Huruma ya namna hii haikutimia. Hapa ndipo tunapotengana na wale wanaoipima huruma kwa hesabu ya sahani za chakula. Kumlisha mtu ni kumhifadhi mwili. Kumpa kazi aiwezayo, na nafasi yake katika kikao, na haki ya kusema, ni kumhifadhi utu wake. Aliyefanya la kwanza peke yake amefanya nusu, na twamshukuru kwa nusu hiyo, lakini hatutamwambia kuwa amemaliza. Hatujui kama watu wa Romito walimfanya kijana yule mwenzao au walimfanya mzigo wa kubebwa, mfupa haukusema. Lakini sisi khabari zetu hazihitaji kuchimbuliwa. Jirani aziona, na mtoto mwenyewe azijua kuliko jirani.

Basi mwenye mtoto wa namna hiyo na aanze kwa jambo dogo: amtoe uani, amkalishe na wenziwe, amtafutie kazi moja ambayo mkono wake waiweza, na amwachie aifanye kwa wakati wake. Na asiye na mtoto huyo na asicheke, kwani kabla hujafa hujaumbika. Na mwenye kusema kuwa hana uwezo, na atukumbuke pale tulipowataja watu waliokuwa hawana hata paa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo vifuani.